Laini kwa Jina la Dada

Kuna msomaji mmoja alinitumia ujumbe wiki hii kuniita zuzu. Asante, lakini subiri kwanza, ndugu yangu. Uzuzu wenyewe ulikuwa haujaanza.

Kwa mliotukuta njiani: mimi ni mwanafunzi wa ushonaji, mwaka wa mwisho. Posho zetu zilizokuwa zimezuiliwa muda mrefu, ambazo kila mtu alishazifuta moyoni, ziliingia zote kwa mpigo siku ambayo hakuna aliyezitarajia. Hosteli nzima ikapagawa. Watu waliokuwa wakigawana sabuni wakaanza kuagiza viatu.

Mwenzangu wa chumba, tunayemwita Mikasi kwa jinsi anavyokata vitambaa na kukata watu kauli, aliniambia nitumie zangu. Ninunue overloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, ya mzee mmoja fundi anayeacha kazi, nishone sare za watu, mashine ijilipe yenyewe na inilipie ada ya mtihani wa mwisho. Dada yangu akaniambia niziweke zote, nisiguse hata senti, mpaka siku ya kulipa ada hiyo hiyo.

Nikamsikiliza dada. Nikaziweka kwenye laini ya pili ya simu, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana changu hakijatoka mpaka leo. Kadi ya laini nikakaa nayo mimi. Namba ya siri akakaa nayo yeye. Kwa mpango huo, tukaambiana, hakuna anayeweza kuzila peke yake. Hosteli wakanibatiza Kibubu.

Mliniacha nimeichomeka ile kadi kwenye simu, wiki ya kulipa ada, na simu inaniambia hakuna mtandao.

Nilimpigia dada kwa laini yangu ya kawaida. Alikuja mbio, bado amevaa fulana ya duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi. Akaichukua ile kadi, akaigeuza huku na huku, akaipuliza, akanirudishia.

“Wewe kaa hapa,” akasema. “Jina ni langu, naenda ofisi ya simu mwenyewe. Wewe hawatakusikiliza.”

Akaenda. Akarudi. Alipokanyaga mlango wa chumba chetu nilijua, kwa sababu alikaa kitandani kwangu bila kuvua viatu, na dada yangu ni mtu wa kukuvulisha viatu hata uwe mgonjwa.

“Zimetolewa,” akasema.

“Zimetolewa na nani?”

“Kwa wakala. Zote. Kisha laini ikafungwa.”

Sikulia. Niliuliza tena, “Zote?” kana kwamba nikiuliza vizuri zaidi zitapungua.

 Dada alikuwa anamtazama Mikasi, aliyekuwa kitandani kwake akipinda sketi yake kwa mkono.

“Kadi ulikuwa unaiweka wapi?” dada akaniuliza, macho yapo kule kule.

“Kwenye kopo la vifungo.”

“Nani mwingine analijua hilo kopo?”

Nikalitazama kopo.

“Na namba ya siri. Siku ile uliponipigia unataka kununua kitambaa cha mazoezi, nikakutajia. Simu yako imekufa kisikizio, kila kitu ni spika. Nani alikuwa humu ndani?”

Mikasi akaweka sindano chini. “Dada, sema unachotaka kusema.”

“Nimeshasema.”

“Hujasema. Unazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

Basi dada akasema. Akasema kwa sauti ya kuita watu, na watu wakaja, kwa sababu hosteli ya wasichana haihitaji tarumbeta. Mlango ukajaa. Dada akaomba sanduku la Mikasi lifunguliwe. Mikasi akalifungua mwenyewe, akalimwaga lote sakafuni: nguo za ndani, barua za kwao, pedi, viatu vipya bado viko kwenye boksi.

“Viatu hivi ni vya pesa gani?” dada akauliza.

“Posho yangu. Nimeitumia. Nimenunua viatu, nyingine nimetuma nyumbani, nyingine nimekula. Ada ya mtihani sina, na hilo kila mtu humu analijua. Mimi nilitumia zangu na sikumficha mtu.”

Kisha akanigeukia. Hakunifokea. Ningependa angefoka.

“Kibubu,” akasema. “Wewe unaamini?”

Watu wote wakanitazama. Upande mmoja ni dada aliyenibeba mgongoni. Upande wa pili ni mtu niliyemjua tangu tulipopewa chumba, aliyenifundisha kutia kola bila kukunja. Nilitaka kusema sijui. Hata hilo sijui halikutoka.

Mikasi akaanza kukusanya vitu vyake. Hakuvirudisha sandukuni. Alivifunga kwenye shuka, akachukua godoro lake, na jioni hiyo chumba kikabaki na kitanda kimoja cha chuma kitupu kinachonitazama.

Dada akanikumbatia. “Pole, mdogo wangu. Ndiyo dunia. Mtu anakula nawe kumbe anakuhesabia matonge.”

Nilimlilia begani mpaka fulana yake ikalowa. Naomba mlikumbuke hilo bega.

Sasa sina pesa, sina rafiki, na mhasibu wa chuo amebandika tangazo mlangoni kwake: Ijumaa mchana anafunga. Asiyelipa hafanyi mtihani, asubiri mwakani. Mwakani maana yake ni mwaka mzima wa kukaa nyumbani kusubiri karatasi, na mafundi wenzako wameshachukua kazi zote.

Nilimwambia dada aniazime. Akasema mshahara haujatoka. Nilimwendea mhasibu kumlilia. Akaniuliza kama machozi yana risiti.

Alhamisi nikaamua kwenda kwa yule mzee mwenye overloki. Mtaani walimwita Mzee wa Overloki kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa nayo peke yake, na mafundi wengine walimpelekea nguo amalizie pindo. Nia yangu ilikuwa kumwomba kitu kisicho na aibu: anipe mashine nimlipe kidogo kidogo. Nilikuwa na watu tayari wanaotaka sare. Ningewaomba malipo ya mwanzo, nikimbie nayo kwa mhasibu, kisha nikeshe nikishona. Ulikuwa ni ule ule ushauri wa Mikasi, niliokuwa nimeutupa, na sasa nauokota mavumbini.

Nilimkuta anafunga vitu vyake kwenye magunia. Meza ya kukatia imesimamishwa ukutani. Mahali ilipokuwa overloki pamebaki mafuta tu sakafuni.

“Shikamoo, mzee. Mashine iko wapi?”

“Marahaba. Mashine gani tena? Si umeshaichukua?”

“Mimi?”

“Siyo wewe uliye chuoni? Dada yako alikuja, akalipa taslimu, akapakia kwenye mkokoteni. Akaniambia, mzee, hii ni ya mdogo wangu, fundi wa chuo.” Akacheka. “Nilimwambia una bahati. Mimi dada zangu walininunulia maneno tu.”

Wasomaji wangu, msinicheke. Nilimrukia mzee wa watu nikamkumbatia na vumbi lake lote. Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Dada! Kumbe alikuwa na akiba yake! Kumbe aliona aibu kwamba alinipinga, akaenda kimya kimya akaninunulia, anasubiri siku ya kunishtua! Ndiyo maana akasema mshahara haujatoka. Ulitoka, ukaingia kwenye overloki.

Mwerevu kati yenu ameshaona. Mimi nilikuwa bado naruka.

“Haya, mpigie umwambie umejua,” mzee akasema. “Ameniachia namba ya biashara, niwaelekeze wateja wangu wa zamani waende kwake.”

Akanionyesha namba iliyoandikwa kwa chaki ukutani, kando ya mlango. Nikaanza kubonyeza. Kabla sijamaliza, simu yangu ikaitambua ile namba na kuniletea jina nililoihifadhia mwenyewe.

Akiba Yangu.

Nikadhani nimekosea. Nikafuta, nikabonyeza upya, polepole, nikitazama ukuta. Akiba Yangu. Ile laini iliyokufa. Kadi yake ninayo kwenye kopo la vifungo.

Nikapiga. Ikaita.

Ikapokelewa, na kwa kuwa simu yangu ni ya spika, mimi na mzee tulisikia pamoja. Sauti changamfu, sauti ya mtu aliyeamka vizuri.

“Ushonaji wa Sare, karibu mteja!”

Ilikuwa sauti ya dada.

Nilikata. Mzee alinitazama, akaacha kufunga gunia.

“Mzee,” nikamuuliza, “laini ikiwa kwa jina la mtu mwingine, na kadi unayo wewe, anaweza kuichukua?”

“Mjukuu wangu, hata mimi nisiyejua kusoma ujumbe nalijua hilo. Mwenye jina akienda na kitambulisho chake, wanampa kadi nyingine na namba nyingine ya siri. Ile ya kwako inageuka plastiki.” Kisha akauliza kwa upole, “Kwa nini?”

Hayo ndiyo makufuli yetu mawili, mimi na dada. Nusu ya darasa letu wana laini kwa majina ya shangazi, ya wajomba, ya wapenzi walioachana nao, na kila mmoja anaapa kwamba kadi iliyo mfukoni mwake ndiyo pesa. Mimi nilikuwa nimelinda kipande cha plastiki.

Sikumbuki nilipitia barabara ipi. Nakumbuka kwamba mpaka nafika kona ya kwake nilikuwa bado namtafutia dada sababu. Labda aliibiwa na yeye. Labda amelazimishwa. Mtu unayempenda akikuumiza, unageuka wakili wake bila kulipwa.

Mlango wa chumba chake cha mbele ulikuwa wazi. Kochi halipo. Kabati la vyombo halipo. Palipokuwa na televisheni pamewekwa meza ndefu, na juu yake overloki, imepanguswa mpaka inang'aa. Sakafu yote imetandazwa kitambaa cha bluu, marobota juu ya marobota, na ukutani limeegemezwa bango ambalo rangi yake haijakauka.

Dada alikuwa amepiga magoti anakunja kitambaa. Hakuvaa fulana ya duka. Akaniona, akasimama taratibu.

“Wewe ndiye uliyepiga ukakata,” akasema.

“Niambie siyo kweli.”

“Kaa kwanza.”

“Sikai. Niambie siyo kweli, dada, nitakuamini. Mimi nitakuamini sasa hivi, sema tu.”

 Alivuta stuli akakaa yeye.

“Kazini walinipunguza,” akasema. “Kabla posho zenu hazijaingia. Nilikuwa navaa ile fulana naondoka asubuhi, nazunguka, narudi jioni. Kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri. Ungekuwa wewe ungefanya nini?”

“Ningekuomba!”

“Wewe ungeniomba kwa sababu wewe ni mdogo. Mkubwa anamwombaje mdogo wake, mtoto ninayemlipia nauli?”

“Kwa hiyo ukaniibia.”

“Laini ni yangu. Jina ni langu. Nenda popote, uliza, wataona jina la nani?”

Alilisema hilo haraka, kama kitu alichokifanyia mazoezi kwenye kioo. Halafu hata yeye akaona linavyonuka, akainamisha kichwa.

“Ulinikataza,” nikasema. “Nilitaka kununua mashine hii hii. Ukasema ni upuuzi. Ukasema Mikasi ananipoteza. Ukasema mwanafunzi mwenye akili anaweka.”

“Ushauri wa Mikasi ulikuwa mzuri,” dada akasema. “Uliponieleza tu, nikajua ni mzuri. Ndiyo maana nikakukataza.”

Nimewahi kuchomwa sindano ya cherehani ikapita kucha mpaka upande wa pili. Siku ile nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Leo sikupiga.

“Na sanduku lake ukamfanya alimwage,” nikasema. “Mbele ya watu. Huku unajua.”

“Ulikuwa utamshuku nani mwingine zaidi yangu? Ilibidi pawe na mtu.”

“Nilikulilia begani!”

“Nilikuwa nalia na mimi.” Na kweli sasa alikuwa analia, na jambo baya kuliko yote ni kwamba nilitaka kwenda kumfuta. “Sikiliza. Sijazila. Ziko hapa. Hiyo mashine ni wewe. Hicho kitambaa ni wewe. Nimepata oda ya sare za shule nzima, mdogo wangu, shule nzima! Mwalimu mkuu mwenyewe. Amenipa kazi kwa sababu nilimwambia fundi wangu amesoma chuo. Mimi hata kutia uzi sijui, unalijua hilo. Kaa hapa ushone. Mwakani unafanya mtihani wako na mfuko umejaa.”

“Kesho mhasibu anafunga.”

“Mwakani.”

“Nirudishie ada tu. Nyingine baki nazo, nakuachia. Nirudishie ada.”

“Unakanyaga ada,” dada akasema. “Zote zimeingia humo sakafuni. Kilichobaki kidogo nilimlipa fundi wa muda, maana wewe nilijua utakuja na hasira.”

“Fundi gani?”

Pazia la chumba cha nyuma likasogea. Akatoka mtu ameshika kola mikononi, futi ya kitambaa shingoni, viatu vipya miguuni.

Mikasi.

Tulitazamana. Nilikuwa nimepanga kumtafuta nimpigie magoti. Nilikuwa na maneno yake tayari kichwani, nimeyapanga njiani nikitoka kwa mzee, yale ya kwamba nisamehe, ningesema kitu siku ile. Yote yakapotea.

“Alikuja kunitafuta,” Mikasi akasema. “Kesho yake tu. Akaniangukia miguuni, akaniambia kila kitu. Kwamba ni yeye. Kwamba ana mashine na hana fundi. Akaniuliza nataka nini.”

“Ukataka nini?”

“Ada ya mtihani. Nimeshalipa. Jana.”

 Yeye aliyetumia zake zote anafanya mtihani. Mimi niliyeweka sifanyi. Na ada yake imelipwa na akiba yangu.

“Ulijua ni pesa zangu?”

“Nilijua.”

“Mikasi, ulijua mimi sina?”

“Nilikuuliza swali moja tu siku ile,” akasema. Sauti yake ilitetemeka kidogo kisha ikanyooka. “Neno moja lingenitosha. Hukunipa. Sasa usiniulize mengi.”

Nilitaka kumtukana na sikuwa na tusi. Nilitaka kumwambia sisi wawili hatufanani, kwamba mimi nilinyamaza tu na yeye amechukua. Kinywani mwangu neno hilo, tu, lilikuwa chungu hata kabla halijatoka.

Dada akasimama katikati yetu akipangusa uso. “Basi, basi. Mtagombana baadaye. Leo anakuja mwalimu mkuu kuona kazi na kumalizia malipo ya mwanzo. Akitoa hizo, nitaona nitakavyofanya na ada yako, sawa? Nitaona. Ila asikute kelele.”

“Umesema kodi inakusubiri,” nikamwambia.

Akainama kunyoosha kitambaa, na hapo nikajua hizo pesa zinazokuja zimeshapata mwenyewe, na si mimi.

“Hodi!” ikasikika mlangoni.

Aliingia mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba mkubwa, akaruka kitambaa kwa uangalifu asikikanyage. Dada aligeuka mtu mwingine papo hapo. Tabasamu, kiti, karibu mwalimu, pole na safari.

Mwalimu mkuu akaishika kola iliyokuwa mkononi mwa Mikasi, akaivuta, akaitazama kwa ndani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatutazama sisi wawili.

“Na yule mdogo wako, fundi mwenyewe, ni yupi?”

“Huyu hapa,” dada akasema, akanishika bega. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilinibana. “Ndiye atakayesimamia kila kitu.”

Mwalimu akaanza kufungua mkoba.

“Binti, sisemi kwa ubaya. Hizi ni pesa za wazazi, wengine wameuza kuku. Nishaliwa na mafundi wawili kabla yenu. Kwa hiyo naomba nisikie kwako, si kwa dada yako. Kazi hii ni yako?”

 Nikisema ndiyo, ninakaa kwenye stuli ile na mtihani unanipita, nikishona sare kwa mwizi wangu. Nikisema hapana, oda inakufa, na akiba yangu yote inabaki marobota ya bluu sakafuni ambayo hakuna atakayeyanunua. Vidole vya dada vilizidi kubana. Mikasi aliitazama kola yake.

“Mwalimu,” nikasema, “pesa ni zangu. Kazi bado sijaamua.”

Dada akaachia bega langu. Mwalimu mkuu akatutazama mmoja mmoja, akaufunga mkoba wake, kisha akavuta stuli, akakaa, na kuniambia nianze mwanzo.